Walihesabu Samaki Mbele ya Wote

Neno la mashemasi kwa wakristo wa kando ya ziwa, na kwa wote wanaokula jasho la ziwa

Masomo: Luka 5:1-11 na Yohana 21:1-14

 

Mwezi huu sisi mashemasi tumeombwa tulete neno kwa ajili ya wale wanaofanya kazi ya ziwa. Lakini ni nani katika Kalemie asiyefanya kazi ya ziwa? Kuna anayetupa wavu, kuna anayebeba beseni, kuna anayeanika ndagala, kuna anayetengeneza moteri, kuna anayeuza unga wa mihogo kwa franga iliyotoka katika samaki. Hata sadaka inayoanguka katika kikapu siku ya Mungu, mara nyingi ina harufu ya ndagala, na Bwana haikatai. Basi kila mmoja asikilize, wala asiseme moyoni kwamba neno hili ni la jirani.

Luka anatueleza usiku mtupu. Wavuvi wamefanya kazi mpaka kumekucha, hawakupata kitu, nao wako pwani wanaosha nyavu zao. Yohana anatueleza asubuhi nyingine, baada ya ufufuko. Wanafunzi saba wamekesha ziwani, usiku mtupu tena, na kumbe Bwana amesimama pwani, na kwa neno lake wavu unajaa. Petro anaukokota mpaka nchi kavu, na samaki ni 153, wakubwa wote, na wavu haukupasuka.

Tumejiuliza sana: hesabu ile ilifanywa na nani? Bwana aliyefufuka amesimama hapo, moto wa makaa unawaka, mkate uko tayari, na kumbe kuna mtu aliyekaa chini akahesabu samaki mmoja mmoja! Walimu wa Kanisa tangu zamani wametafuta maana nyingi katika hesabu hiyo, nasi hatuwapingi. Lakini sisi tunaoishi pwani tunaona kwanza maana moja iliyo karibu sana. Watu saba walivua pamoja, na samaki wao wakahesabiwa nje, katika mwanga wa asubuhi, kila mtu akiona, naye Bwana akiona. Hakuna samaki aliyefichwa chini ya ubao wa mtumbwi.

Kutoka masomo haya mawili tunachukua neno moja, nalo ndilo tunataka mlipeleke nyumbani: Usiku mtupu, usimtafutie mtu kosa. Usiku wa neema, usimfichie mtu hesabu.

1. Kazi yenyewe

Kwa ndugu zetu wa Kabalo, wa Kamina na wa Lubumbashi wanaosoma karatasi hii mbali na maji, tueleze kidogo kazi hii ni ya namna gani.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kilindi chake kinafika mita 1470. Nchi nne zinakula katika sahani hiyo moja: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Samaki tunayemtegemea zaidi si samaki mkubwa. Ni ndagala, ambaye urefu wake haupiti sana kidole cha mtu mzima. Kigoma wanamwita dagaa, na Zambia wanamwita kapenta. Nyuma ya ndagala anakuja mukeke, ambaye anampenda ndagala kama sisi tunavyompenda.

Jua likielekea kuzama, mitumbwi inatoka. Mara nyingi mitumbwi imefungwa pamoja kwa miti, wavu umetandikwa katikati, na taa zinaning'inia juu ya maji. Wazee wetu waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, wakachota ndagala kwa lusenga. Katika miaka ya 1950 taa za presha zikaanza kuenea, na leo wengi wana taa za betri. Lakini kazi ni ile ile. Mwanga unaita wadudu wadogo wa maji, wadudu wanaita ndagala, ndagala wanaita mikeke, kisha wavu unapandishwa kutoka chini. Kabla ya hapo watu wanangojea saa nyingi katika baridi, wengine wanaimba, wengine wananyamaza. Usiku wa giza, ukisimama pwani, unaona taa zimepangwa mbali juu ya maji, utafikiri kuna mji mwingine kule.

Asubuhi mitumbwi inarudi. Mama wamekwisha kusimama na beseni zao, wengine maji yamewafika magotini. Bei inapangwa kwa sauti kubwa. Ndagala wanaanikwa juu ya mchanga, au juu ya kichanja ambako mchanga hauwaingii. Jua likiwa kali wanakauka siku ile ile. Mvua ikinyesha wanaoza, na mama aliyekopa anabaki na harufu na deni. Waliokauka wanatiwa katika magunia, wanapanda treni au gari, wanakwenda mpaka soko zilizo mbali. Kwa hiyo, ndugu wa Lubumbashi, kikombe kimoja cha ndagala unachonunua kimepita katika mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na nafasi ya kusema kweli au ya kudanganya.

2. Usiku mtupu, usimtafutie mtu kosa

Kuna usiku mtupu. Mafuta yameisha, mikono imepasuka kwa kamba, na ndani ya mtumbwi kuna samaki wasiojaza sahani. Usiku wa kwanza mtu anavumilia. Usiku wa tano anaanza kumtazama jirani yake. Usiku wa kumi anafungua kinywa na kusema: kuna mtu aliyefunga ziwa.

Wapendwa, neno hilo si neno dogo. Neno hilo limemwaga damu.

Tunamjua mama mmoja mjane, mzee sana, ambaye alikuwa akiokota ndagala wanaoanguka katika mchanga wakati wa kupakua. Alikuwa wa kwanza kufika pwani kila asubuhi, kwa sababu wazee hawalali sana, na kwa sababu anayechelewa haokoti kitu. Wavuvi walipokosa samaki kwa majuma mawili, mmoja akasema: kila tukirudi bure, mtu tunayemkuta kwanza ni yule. Mwingine akasema: tena jicho lake moja ni jeupe. Jioni vijana walikuwa mlangoni pake na petroli katika chupa. Jirani yake, mama aliyekuwa na mtoto mgongoni, akasimama katika mlango na kuwaambia waanze na yeye. Wakaona haya, wakarudi. Siku chache baadaye mwezi ukapunguka, giza likarudi, ndagala wakajaa katika nyavu. Hakuna hata kijana mmoja aliyekwenda kumwambia yule mzee pole. Na jicho lile jeupe ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao madaktari wanautibu kila siku kwa kisu.

Tuseme kweli iliyo wazi, kwa maana kweli haimtukani Mungu. Bwana aliyeumba ziwa aliliwekea desturi zake. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake unaenea juu ya maji yote, na taa yetu inakuwa kama mshumaa uliowashwa mchana, ndagala hawakusanyiki. Ndiyo maana tangu zamani wavuvi wanapumzika siku za mwezi mpevu na kushona nyavu.

Tena kuna upepo. Tangu Mei mpaka Septemba kusi inavuma, inasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya kilindi yanapanda, zaidi upande wa kusini. Chini sana katika ziwa letu hamna hewa ya kupumua, na samaki hawawezi kuishi huko. Lakini huko ndiko chakula cha maji kinalala, kama mbolea katika shimo. Upepo ukikoroga vizuri, chakula kinapanda, wadudu wanazaliwa, ndagala wananenepa. Upepo usipokoroga, wote wanapungua.

Tena kuna joto. Mwaka 2003 watu wa elimu waliochunguza ziwa hili walitangaza kwamba maji yake yamepata joto kuliko zamani, na kwa hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, chakula kinabaki chini. Tena kuna sisi wenyewe: tumekuwa wengi, taa nyingi, nyavu nyingi, juu ya ziwa lile lile.

Na mwaka 2024, maji yalipopanda yakaingia katika nyumba na katika sehemu za kuanikia, wengine walitafuta mkosaji tena. Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, hapa hapa karibu nasi. Mvua ikizidi katika nchi zote zinazozunguka ziwa, maji hayana pengine pa kwenda.

Basi tuulize: je, ni yule mama mzee aliyeupevusha mwezi? Ni yeye aliyeizuia kusi? Ni yeye aliyepasha joto maji ya kilomita 670, kwa kuni zipi?

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wakataka kuambiwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Akatema mate chini, akafanya tope, akampaka macho. Wao walimtafutia kipofu mkosaji, Yesu akamtafutia macho.

Wengine watatujibu: na Yona je? Si merikebu ilitaka kuzama kwa ajili ya mtu mmoja? Ndugu, soma tena sura ile ya kwanza polepole. Kura ilimwangukia Yona, ni kweli, lakini hata hapo hawakumgusa. Walimwuliza kwanza, naye aliungama kwa kinywa chake mwenyewe. Hata baada ya kuungama, mabaharia wale, ambao hawakumjua Mungu wa Israeli, walipiga makasia kwa nguvu zao zote ili wamfikishe pwani akiwa hai. Ikiwa wapagani walimhurumia hivyo mtu mwenye kosa lililojulikana, je, sisi tuliobatizwa tutamchomea nyumba mtu asiye na kosa?

Hapa tunasema na watu wa nyumba yetu wenyewe. Kanisa letu linaamini kwamba Roho anasema na watu wake hata leo, kwa ndoto na kwa maono, wala hatuoni haya kwa ajili ya imani hiyo. Ndiyo sababu inatupasa kuilinda karama hiyo kama mtu anavyolinda taa katika upepo. Ndoto inayomtaja mtu kwa jina isitangazwe pwani, wala mbele ya vijana wenye hasira. Iletwe kimya kwa wachungaji na wazee, ipimwe kwa Neno na kwa kufunga. Ono linaloleta petroli mlangoni pa mjane halikutoka kwa Roho wa Yesu, hata kama aliyeliona amevaa kanzu nyeupe.

Wala asiyepata samaki asikimbilie kwa muuza dawa za nyavu. Kama dawa ile inaleta samaki, mbona mwenye dawa anakula samaki wa kununua?

Basi usiku mtupu tufanye nini? Luka ametuonyesha. Wale wavuvi waliosha nyavu. Hawakupigana, hawakuzitupa, waliziosha, kwa kuwa walikuwa na nia ya kurudi. Tena Bwana alipouomba mtumbwi wa Simoni ili afundishe makutano, mtumbwi ulikuwa mtupu. Wengi wetu tunangojea mtumbwi ujae ndipo tumkaribishe Bwana. Yeye aliketi kwanza katika mtumbwi usio na kitu, na mwenye mtumbwi hakusema kwamba amechoka. Asubuhi ya hasara, kabla hujamtaja mtu, osha wavu wako, omba, lala usingizi. Kisha rudi.

3. Usiku wa neema, usimfichie mtu hesabu

Usiku mtupu unampima mtu. Lakini usiku wa neema unampima zaidi. Katika njaa watu wanagawana muhogo mmoja. Katika shibe ndipo ugomvi unaanza.

Luka anasema nyavu zilipotaka kukatika, waliwapungia mkono wenzao wa mtumbwi wa pili waje kusaidia, na mitumbwi yote miwili ikajaa. Hawakuzima taa ili wenzao wasione.

Tunasema kwanza na ninyi wavuvi. Kila pwani ina desturi yake ya kugawa: mafuta yanatolewa kwanza, kisha sehemu ya mwenye mtumbwi, kisha sehemu ya wavuvi, mahali pengine usiku fulani ni wa mwenye mtumbwi na usiku fulani ni wa wavuvi. Hatukuja kubadili desturi hizo. Tunauliza tu: beseni mbili zilizouzwa katikati ya ziwa kabla ya mapambazuko, zimo katika hesabu gani? Unasema mwenye mtumbwi ni mgumu, ndiyo sababu unaiba. Kama ni mgumu, mwambie mbele ya wazee. Wizi haujafanya mtu mgumu awe mwema hata siku moja; unampa tu sababu ya kukuita mwizi, naye anaipata haki ambayo hakuwa nayo.

Tunasema na ninyi wenye mitumbwi na wenye moteri. Marko 1:20 inatukumbusha kwamba Zebedayo naye alikuwa na watu wa mshahara katika mtumbwi wake. Kwa hiyo si dhambi kuwa na mtumbwi na kuajiri watu. Dhambi ni kuandika lita ambazo hazikuchomwa. Dhambi ni kumkopesha kijana unga siku za mwezi mpevu kwa bei mara mbili, kisha kumshika kwa deni lile mwaka mzima, asiweze kwenda mtumbwi mwingine. Torati katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaamuru maskini alipwe kabla jua halijazama, na Yakobo sura ya 5 anasema mshahara uliozuiwa unapiga kelele, na Bwana anasikia. Daftari ya mafuta iwe wazi. Anayejua kusoma katika kikundi aisome kwa sauti, pale pale pwani, kila mtu akiwa bado amelowa.

Tunasema na ninyi mama zetu wa soko. Mnaamka mapema kuliko kila mtu, mnalipa masomo ya watoto, mnajenga nyumba, na Kanisa hili linasimama kwa mikono yenu. Lakini kuna beseni ya kununulia na beseni ya kuuzia, na moja imegongwa chini ikapungua. Kuna mchanga ambao haukutoka pwani kwa bahati, uliongezwa katika gunia. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza mtu kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Mama wa Lubumbashi anayepepeta ndagala na kupata mchanga hakujui jina lako, lakini watoto wake wanatafuna udanganyifu wako.

Tunasema na ninyi papa wa nyumba. Franga ya usiku wa neema ikipita kwanza katika kilabu cha lutuku, nyumbani inafika nini? Mke wako ana haki ya kujua hesabu. Hajauliza kwa sababu ya kiburi. Ameuliza kwa sababu chungu kiko motoni na maji yanachemka bure.

Mwisho tunasema na sisi wenyewe tunaopokea sadaka. Angalieni jambo hili katika Yohana 21. Bwana alikuwa tayari na samaki juu ya makaa, hakuwa na njaa ya mali ya wanafunzi. Hata hivyo aliwaomba walete samaki wao pia, wale waliovua wenyewe. Bwana anapenda sadaka ya jasho lako. Lakini jasho lako, si la mwingine. Mwenye mtumbwi anayeleta fungu la kumi siku ya Mungu, na wavuvi wake hawajalipwa tangu mwezi uliopita, arudi kwanza akawalipe. Sadaka iliyotolewa katika mshahara wa mtu mwingine, sisi mashemasi tusiipokee, hata kama paa la kanisa linavuja.

4. Na wale wasio na kinywa

Kuna mmoja tena tunayemficha hesabu, naye hawezi kuulizia. Ni mtoto ambaye hajazaliwa, atakayekuja pwani hii baada yetu na beseni yake.

Tunaona pwani vyandarua, vile vilivyogawiwa ili watoto wasiugue malaria, vimeshonwa pamoja kuwa wavu. Vinakokotwa karibu na mchanga, mahali ambapo samaki wachanga wanakulia, vinachukua kila kitu, hata walio wembamba kama sindano. Hapo tunafanya hasara mara mbili kwa siku moja: usiku mtoto anaumwa na mbu, na mchana tunakula samaki kabla hajawa samaki.

Wengine wanasema ziwa ni kubwa, haliishi. Sikilizeni habari ya kweli. Ziwa Kivu zamani halikuwa na ndagala. Kati ya mwaka 1958 na 1960, samaki wachanga wa jamaa ya ndagala walichukuliwa kutoka ziwa hili letu, wakapelekwa kule, wakaachiwa majini. Walizaana, na leo Bukavu na Goma wanakula sambaza, na maelfu ya jamaa wanaishi kwa kazi hiyo. Wale wachanga, kama wangetiwa katika chungu siku ile, wangeshibisha watu mara moja. Waliachwa waishi, wamelisha miji kwa zaidi ya miaka sitini. Hiyo ndiyo hesabu ya samaki mdogo.

Kwa sababu hiyo nchi za ziwa zilipatana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, na mwaka 2024 ukafungwa tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Watu wengi walinung'unika, nasi hatuwacheki. Miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba yenye watoto saba na isiyo na shamba. Tena sheria inayomshika mwenye wavu mdogo na kumwacha mwenye fedha apite usiku, inawafundisha watu kuidharau sheria. Hayo tunayasema bila kuficha. Lakini Torati nayo, katika Kutoka sura ya 23, inaiamuru nchi ipumzike mwaka wa saba, na Mungu hakutoa amri hiyo ili watu wafe na njaa. Aliitoa ili wajifunze kuweka akiba katika miaka sita. Pumziko lisilo na akiba ni njaa. Akiba isiyo na pumziko ni tamaa.

Basi mashemasi tunaomba mambo manne, yasiyo makubwa:

Kwanza, kila mtumbwi wa wakristo, katika majuma ya neema, utenge beseni moja kwa juma, iuzwe, na franga yake iwekwe katika kasha la pamoja kwa ajili ya miezi ya kufunga na kwa ajili ya wajane wa ziwa. Daftari ya kasha isomwe kanisani kila mwisho wa mwezi, kwa sauti, na majina na hesabu.

Pili, jamaa za wavuvi zenye mahali pa kulima zipande mihogo na maharagwe mapema, ili kufungwa kwa ziwa kusikute jungu tupu. Wasio na udongo waseme, kuna ndugu wenye udongo usiolimwa.

Tatu, chandarua kirudi kitandani. Mama wa kila nyumba ndiye askari wa jambo hili.

Nne, anayesikia mtu akitajwa kuwa mchawi wa ziwa, aje kwa wazee siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kabla wazee hawajafika, asimame mlangoni, kama alivyosimama yule mama mwenye mtoto mgongoni.

Wapendwa, wale samaki 153 waliliwa siku ile, hawapo tena. Hesabu yao ndiyo iliyobaki, kwa sababu ilikuwa hesabu ya kweli, iliyofanywa mbele ya watu na mbele ya Bwana. Mitumbwi yetu nayo itaoza, na moteri zitakufa. Mbele za Mungu tutakumbukwa kwa namna tulivyohesabu.

Tuombe. Bwana wa ziwa na wa nchi kavu, uwalinde usiku huu wote walio juu ya maji, uwarudishe kwa watoto wao. Uwape samaki wa kutosha, na moyo wa kusema wako wangapi. Usiku wa ukosefu utuzuie vinywa vyetu, usiku wa wingi utufungue mikono yetu. Uwaokoe wazee na wajane kutoka kwa hasira za vijana, na vijana kutoka kwa dhambi ya damu. Na asubuhi tukirudi, tukukute pwani, umesimama. Kwa jina la Yesu Kristo.

Amina.